Mahali Nilipomwambia Bibi Yake Amelala

Nilipokuwa mtoto tulikuwa na ng'ombe dume ambaye alikuwa hajawahi kuliona jua. Mtu wa tambarare anaweza asiniamini, lakini sisi wa mlimani zamani tulilala na ng'ombe nyumba moja. Upande huu mama na mafiga yake na sisi watoto, upande ule ng'ombe, katikati miti miwili mitatu ya kuwazuia wasije kutukanyaga. Malisho hatuna huku, kila unapoweka mguu ni mgomba au kahawa. Kwa hiyo ng'ombe huletewa chakula mdomoni kama mgonjwa. Yule dume aliingia ndani akiwa ndama wa kubebwa mabegani, akakaa humo miaka minne au mitano, na mimi ndiye niliyekuwa namkatia majani na kumchotea maji mferejini. Alinenepa mpaka akawa akilala anahema kama mtu aliyetoka kupanda mlima.

Siku ya kumtoa ilibidi wabomoe pembe moja ya mlango. Wanaume wanne walimvuta kwa kamba. Alipofika kizingitini jua la saa nne likampiga machoni, akasimama. Miguu ilimtetemeka. Kwato zake zilikuwa zimerefuka na kujipinda kama viatu vikuukuu, hakujua kabisa kutembea kwenye ardhi ngumu. Watu walicheka sana, mjomba mmoja akasema huyu tumletee kiti. Nami nilicheka. Halafu nikaenda nyuma ya migomba nikalia, kwa sababu ng'ombe yule alikuwa ananijua mimi peke yangu, na pale mlangoni nilimwona ananitafuta kwa pua.

Habari hii nimeisimulia mara nyingi kilabuni na kila mara kuna mtu ananiuliza, sasa mzee, maana yake nini? Haina maana. Ila ndivyo ninavyoikumbuka siku aliyoondoka kaka yangu, kwani ng'ombe yule alichinjwa kwa ajili yake.

Kaka yangu alikuwa na kichwa. Mapadri wa misheni walimwona, wakamsomesha, halafu wakamtafutia nafasi ya kwenda Ujerumani kusomea mambo ya injini. Mimi niliishia darasa la tatu. Baba alisema nyumba inataka kichwa kimoja kwenye vitabu na kingine kwenye majani ya ng'ombe, na hakukosea, maana bila mimi yule dume angekufa njaa. Siku ile ya kumuaga, nyama iligawiwa kama inavyogawiwa kwetu, kwa cheo na siyo kwa njaa. Kidari kina mwenyewe, mgongo una mwenyewe, na mtu haombi. Mimi mkata majani nilipewa kipande cha utumbo. Nilikila.

Kwetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya baba na kumtunza mama. Basi nikabaki. Baba alitangulia, tukabaki mimi na mama. Barua za kaka zilikuja kila Krismasi, baadaye zikaja kadi zisizo na maneno mengi, baadaye picha ya harusi yake na mwanamke wa huko, baadaye mwaka ukapita bila kitu. Kurudi hakurudi hata mara moja. Mama alizeeka akisikiliza magari. Tulikuwa mbali na barabara kubwa, lori likinguruma huko chini karibu na mji wa Mkuu, mama anaacha kumenya ndizi. Mwishoni, alipokuwa hawezi tena kuamka, padri alimsomea barua moja ya kaka, barua nzuri ya kuomba radhi. Mama aliisikiliza yote, halafu akasema, "Sitaki karatasi. Akija aje anisalimie kwa mdomo wake." Siku ya tisa akafa.

Parokia ilipeleka simu ya maandishi. Kaka hakuja kumzika. Nilimwandikia mwenyewe, kwa herufi zangu hizi za darasa la tatu, nikamweleza yale maneno ya mama bila kuyapunguza. Sijui kwa nini sikuyapunguza. Pengine ni ule utumbo.

Mama tulimzika upande wa juu wa kihamba, shamba letu la ukoo, katikati ya migomba, karibu na mti wa mringaringa. Tukampandia isale, ule mmea wa majani marefu tunaouweka mipakani na kwenye makaburi. Hatuna makaburi ya kijiji sisi. Mtu anazikwa kwenye shamba lake, na ndiyo maana kihamba hakiuzwi. Utamuuza mama yako?

Mimi niliuza.

Nitasema ilivyokuwa na sitajitetea sana. Kahawa ilianguka. Zamani tulipeleka kwenye chama cha ushirika, tunalaani chama lakini tunapeleka. Kisha wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao, mwaka wa kwanza tukafurahi, mwaka wa tatu wakawa wanatuangalia kama ombaomba. Dawa ya kupulizia miti ikapanda bei, miti ikaugua, watu wakaanza kuing'oa usiku kwa kuwaonea aibu baba zao. Katika hali hiyo mke wangu akaugua tumbo, akalazwa hospitali ya Mawenzi, akafanyiwa upasuaji, akalazwa tena. Kulikuwa na mtu wa kijijini kwetu aliyepata bahati machimboni, alitaka mahali pa kujenga. Nikamkatia upande wa juu. Nilimuuzia bila kuita ukoo, na hilo kwetu ni kosa kubwa kuliko kuiba.

Yule mtu hakuwa mbaya, mumwelewe. Aliniambia mapema, "Mzee, mtoe mama yako pale, nakupa miezi mitatu." Lakini kumtoa mtu kaburini siyo kung'oa kahawa. Lazima ukoo wote uje, mbuzi achinjwe, wazee waseme na marehemu. Na wazee wakija wataniuliza, kwa nini tunamhamisha? Hapo ndipo ningesema nini? Nikanyamaza mwezi wa kwanza, nikanyamaza wa pili. Mwezi wa nne mafundi wakaja. Walikuwa wanatafuta vibarua wa kubeba kokoto na kukoroga zege, na mimi nilikuwa na mgonjwa. Nilibeba. Siku walipomwaga zege la mahali pa kuegeshea gari, nilibeba ndoo tangu asubuhi mpaka saa tisa, na mchana tulikula maharage na ugali tumekaa kwenye mringaringa uliokuwa umeshaangushwa. Mke wangu alipona, akarudi nyumbani, akakuta ukuta. Hakuniuliza kitu. Alijua dawa zake zimetoka wapi.

Miaka kadhaa ikapita ndipo ikaja barua. Kaka anaumwa, figo zimekataa, anaunganishwa na mashine mara tatu kwa wiki na hawezi kusafiri. Lakini mwanawe anasoma chuo kikuu, na likizo ndefu ikifika atakuja kutuona.

Alifika mwezi wa saba. Wao wanaiita likizo ya kiangazi, mwezi wa joto, na kijana wa watu alikuja amevaa kaptula. Mwezi wa saba kwetu ukungu unashuka mpaka mlangoni na migomba inadondosha maji mchana kutwa. Alipanda njia yetu na begi mgongoni, magoti yamekuwa ya zambarau, watoto wanamfuata. Mzee mmoja jirani akasimama akamwangalia juu mpaka chini, akaniambia, "Huyu ndiye Mjerumani wenu? Mbona amekuja na masikio ya baba yako?"

Kweli, yalikuwa masikio ya baba.

"Shikamoo baba mdogo," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu, kila neno amelipiga pasi. Nikamwitikia marahaba mwanangu, karibu nyumbani. Mke wangu akamfunika blanketi, akamweka jikoni karibu na moto, akampa ndizi za nyama. Akala, akaongezewa, akala. Mke wangu akasema, huyu ni wetu, Mzungu gani anakomba sufuria namna hii. Alicheka naye kijana. Alikuwa na miaka ishirini na moja hivi, mwepesi wa kucheka, na alikuwa anamwita mke wangu mama mdogo kana kwamba ameanza jana yake tu kuwa na mama wa pili.

Asubuhi yake tulipokuwa tunakunywa chai aliniambia alichotumwa.

"Baba amenituma kitu kimoja. Nimpelekee bibi mbege kaburini, nimwambie kwa mdomo kwamba yeye ndiye aliyenituma. Anasema mimi ni mdomo wake. Halafu nimpigie simu."

Mke wangu alikuwa anakoleza moto. Aliacha mkono palepale kwenye kuni.

Nilimjibu kwamba mbege haipikwi kwa siku moja. Hilo halikuwa uongo. Ndizi lazima ziive, zichemshwe, zikae, zikamuliwe, ulezi uoteshwe na kusagwa, maganda ya mti wa msesewe yaandaliwe ili pombe iwe na uchungu wake. Ni kama wiki na zaidi. Kijana akasema ana muda, chuo hakifunguliwi mpaka mwezi wa kumi. Akatoka kwenda kuangalia mlima, ambao siku hiyo haukuonekana.

"Utampeleka wapi?" mke wangu akaniuliza.

Nikamwambia anyamaze kwanza. Yeye apike.

Hapo nilikuwa na wiki nzima ya kusema kweli. Ningeweza kumwambia mwanangu njoo, kaa hapa, baba yako mdogo alifanya hivi na hivi. Kila asubuhi nilijiambia leo. Lakini alikuwa anaamka kabla yangu, anakwenda na mke wangu kukata majani, anarudi na mzigo umekaa upande kichwani, anachuma kahawa pamoja nami, mbivu na mbichi anachanganya. Wakati wote huo ananiuliza habari za bibi. Alikuwa mrefu? Aliimba? Alikasirika kwa jambo gani? Nami nilimweleza, mwanamke mfupi, sauti nene, hakupenda mtu anayekula amesimama, alimpiga kwa mwiko paroko wa kwanza wa hapa kwa sababu alikanyaga miche yake ya maboga. Yote yalikuwa kweli, na kijana aliyaandika kwenye daftari. Nilikuwa naanza kumpenda, na kadiri nilivyompenda ndivyo mdomo wangu ulivyozidi kuwa mzito.

Basi siku ya tano, yeye akiwa amekwenda sokoni Mkuu na mke wangu, nilishuka upande wa chini wa kihamba, karibu na mfereji. Kulikuwa na mahali pa mgomba wa zamani uliooza, udongo umebonyea kwa urefu wa mtu aliyelala. Nikakata isale mpakani, nikaichomeka minne kwenye pembe. Nikatafuta mawe yenye ukoga wa kijani ili yaonekane ya siku nyingi, nikayapanga. Nikasimama nikayaangalia. Lilikuwa kaburi zuri. Niliona hata mahali fulani jiwe limekaa vibaya, nikaliweka sawa.

Siku ya mbege mke wangu aliichuja, akaijaza kwenye kibuyu, akaniwekea na kata juu yake. Nikamwambia twende. Akafuta mikono kwenye kanga, akasema polepole ili kijana aliyekuwa nje asisikie, "Mimi siumwagii mgomba pombe." Akaingia ndani. Kijana akaniuliza mama mdogo haji? Nikasema goti linamsumbua kwa ukungu huu.

Kule chini karibu na mfereji kijana alimwaga vizuri, alikuwa amefundishwa. Kidogo kulia, kidogo kushoto, kata ya tatu akanywa nusu na nusu akaimimina. Maneno ya kwanza aliyasema kwa Kichagga, yale machache aliyokaririshwa na baba yake, na ulimi ulikuwa unamtereza. Halafu akaendelea kwa Kiswahili.

"Bibi, mimi ni mdomo wa mwanao. Anasema hakuja kukuzika na anajua. Anasema anaogopa kukukuta huko mbele bado umemgeuzia mgongo. Amekuja kukusalimia, hivi hivi kama ulivyotaka. Shikamoo."

Kisha akasubiri.

Kwetu maneno hayaachwi yaning'inie kaburini. Mwenye nyumba lazima ayajibu kwa niaba ya aliyelala, vinginevyo mtu anaondoka na mzigo wake. Mwenye nyumba ni mimi. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa, mbege inazama kwenye udongo wa mgomba uliooza, mfereji unapiga kelele. Ningeweza kukaa kimya tu, hata kukaa kimya kungekuwa nusu ya kweli.

Nikasema, "Amesikia. Ameitikia."

Kijana alilia. Mimi sikulia.

Kesho yake alishuka Moshi mjini kupiga simu posta. Alirudi jioni amechangamka. Alikuwa amepitia soko la Kiboriloni akanunua suruali ya mtumba, ndefu kupita miguu yake, na mkate, na sukari kwa mama mdogo. Akatueleza akiwa bado amesimama. Baba yake alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamuuliza nani aliyejibu.

"Nikamwambia baba mdogo ndiye aliyejibu," kijana alisema. "Akasema, basi. Kama ni yeye aliyejibu, basi. Nilipopiga tena kabla ya kurudi, mama yangu alisema jana... samahani, leo, leo mchana amelala usingizi bila dawa."

Mke wangu aliweka ungo chini, akatoka nje. Kijana akadhani amefurahi.

Mke wangu alimwambia kweli asubuhi. Mimi nilikuwa kwenye kahawa, nikawaona kwa mbali kati ya miti, wamekaa kwenye kibao wanachambua maharage. Mke wangu anaongea bila kuinua uso. Kijana mikono yake ikaacha kuchambua. Niliendelea kuchuma, nikachuma na mbichi. Nilijua kabisa ni nini kinasemwa, sikuwa na haja ya kusikia. Halafu kijana akaja.

"Baba mdogo, bibi yuko wapi?"

Nikaanza kusema mama yako mdogo ni mgonjwa, tangu ule upasuaji...

"Sijakuuliza habari za mama mdogo. Bibi yuko wapi?"

Nikatangulia, akanifuata. Tulipanda mpaka kwenye ukuta. Geti lilikuwa wazi kidogo, mlinzi ni kijana wa palepale, ananijua, akasema shikamoo mzee, bosi yuko Arusha, siwezi kuwaingiza. Nikamwambia hatuingii. Kwa pale wazi palionekana ua, na zege, na juu ya zege pikapu bovu lililotolewa magurudumu, limewekwa kwenye matofali. Kuku walikuwa wamejikinga baridi chini yake.

"Pale," nikamwonyesha. "Chini ya gari."

Aliangalia muda mrefu. Mlinzi naye akaangalia, akijiuliza tunaangalia nini.

"Hili zege lilipomwagwa wewe ulikuwa wapi?"

Hakuniuliza kwa hasira. Aliuliza kama alivyokuwa ananiuliza kama bibi aliimba. Na kwa mara ya kwanza tangu afike, nilimjibu yote.

"Nilikuwa nabeba kokoto."

Akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayehesabu. Kisha akasema, "Nimeshamwambia baba."

"Usimwambie tena," nikasema. "Mwache hivyo hivyo, mwanangu. Amelala vizuri, mwache."

Hadi leo sijui kama ushauri ule ulikuwa wa huruma au nilikuwa bado najificha. Nadhani vyote viwili vilikuwemo, lakini nikiwa peke yangu naona ni kujificha. Kijana alinigeukia, na ukungu ulikuwa umemlowesha nyusi.

"Kwa hiyo sasa huo uongo ni wangu," akasema.

Tulirudi nyumbani. Aliingia chumbani, nikasikia zipu ya begi. Mke wangu alikuwa amechemsha mihogo, akampa miwili kwenye jani, kijana akaipokea kwa mikono miwili, akamshukuru kwa Kichagga, aika mama mdogo. Alimwinamia, akamshika kichwa kama anavyoshikwa mzazi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo mlangoni. Nilimwambia asubiri, kuna gari la saa nane, nitamsindikiza. Nikamwambia tutaita ukoo, nitasema mbele ya wote, tutavunja lile zege hata kwa nyundo, wewe kaa uone. Nilikuwa nasema kweli, nadhani. Alinisikiliza mpaka nilipomaliza, kwa adabu, jinsi alivyolelewa. 

Akashuka njiani na begi lake na ile suruali ndefu inaburuta matope. Nilimfuata nyuma kama hatua ishirini. Alikutana na wanawake wanaopanda na mizigo ya majani, akawapisha, akawaamkia shikamoo mmoja mmoja. Kwenye barabara kubwa hakusubiri gari. Aligeukia upande wa Mkuu akaenda kwa miguu, ukungu ukamchukua, na hakurudi tena.